Nyekundu Mbili

Mimi ni mutu wa mawese. Naanza hapo kwa sababu asiyejua mawese hataelewa bibi yangu, mwanamuke niliyemuoa, alikufa namna gani.

Shule niliiacha kabla yenyewe haijaniacha. Nikaingia barabara. Wakati ule moto, hizi pikipiki, zilikuwa chache, tulisukuma kinga: baiskeli isiyopandwa, bido, madumu ya mawese, zimefungwa huku na huku, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili upate mahali pa kusukumia. Natoka Kasongo, napita Kabambare, nafika Salamabila kwa wachimba dhahabu, watu wanaokula vizuri na hawaulizi mafuta yametoka wapi. Kila mulima niliupanda nimeinama. Leo niko na nyumba ya mabati na moto yangu mwenyewe, na hakuna mutu anayeweza kusimama aseme: huyu muzee, ni mimi nilimuinua. Kama yuko, ajitokeze.

Kwa hiyo rangi ni kazi yangu. Nainua chupa juani, naangalia mara moja, najua. Haya yalichemshwa sana. Haya yametiwa maji. Haya ni ya ngazi, matunda ya muchikichi, zilizolala mpaka zikaoza. Mwanamuke hawezi kunidanganya kwa mafuta, na wengi wamejaribu.

Lakini macho ni kitu kimoja na mudomo ni kitu kingine. Katika Kibangubangu cha kijiji chetu, kile nilichonyonya pamoja na maziwa, rangi ni tatu. Iko nyeusi, iko nyeupe, iko nyekundu. Nyeusi ni makaa, ni wingu la mvua, ni majani mabichi ya pori. Nyeupe ni unga wa muhogo. Yote mengine ni nyekundu: damu, udongo wa barabara, mawese, ndizi iliyoiva, hata mutu mwenye ngozi ya maji ya kunde. Na hatukukosa kitu. Wazee wetu walioa, wakazaa, wakazikwa na rangi zao tatu.

Neno manjano nilijifunza sokoni Salamabila, nikiwa tayari baba. Muuza vitenge mumoja aliniambia chukua hiki cha manjano. Nikamuuliza kipi, akanionyesha. Nikasema hiki ni chekundu. Akacheka mpaka akakaa juu ya mizigo yake.

“Muzee, na weye unauza mafuta! Watu wa Kabambare munaona na nini?”

Nilikinunua hicho kitenge ili anyamaze. Nikamupelekea bibi yangu. Yeye alikivaa kila siku ya kanisa na kukiita chekundu mpaka mwisho.

Yeye mwenyewe watu walimuita yule mwekundu, kwa sababu ya ngozi yake. Alikuwa mwanamuke wa kazi. Mimi nilinunua mafuta ya watu, yeye alikamua ya kwetu, nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu ya mawe. Na alikuwa na sifa moja ambayo majirani walikuja kuitazama: aliingiza mukono kwenye chungu ngazi zingali zinatoa moshi, akazitoa bila kijiko, bila kusema aii. Wanawake walipiga makofi. “Bibi yako iko na mukono ya chuma,” waliniambia, na mimi nilijiona. Nilifikiri ni ukali wa kazi. Mukono wangu pia uliota sugu kwa kusukuma kinga.

Kumbe haikuwa chuma. Siku moja aliutoa mukono kwenye chungu, ngozi ya vidole ikabaki ndani pamoja na ngazi. Akauangalia kama mukono wa mutu mwingine. Akamuuliza binti yetu, “Hii inauma?” Binti ndiye aliyelia.

Kwenye kituo cha afya infirmie, yule muuguzi, alimuvua kitambaa cha mabega, akakuta mabaka mugongoni, mengine makubwa kama sahani. Akapitisha pamba juu yake. Bibi yangu hakusikia pamba. Mimi sikuingia. Nilikaa nje na moto yangu, kwa sababu mahali pale panaponuka dawa sijawahi kupapenda, na kwa sababu watu walikuwa wanapita na kuangalia. Ukoma ni neno ambalo linatangulia kufika nyumbani kuliko mugonjwa mwenyewe.

Alitoka na plakete mukononi, kile kikaratasi kigumu chenye vidonge vimefungwa kila kimoja na chumba chake. Vyekundu, vyeupe, na vingine rangi ya kahawa. Vikubwa alimeza palepale mbele ya infirmie, na kila mwezi angerudi kumeza vile mbele yake. Vingine vya kila siku, nyumbani. Njiani, nyuma ya moto, alinieleza yote. Infirmie alikuwa kijana mwenye subira, alimuambia kwa Kiswahili, polepole. Bibi yangu alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kupima na kupunguza bei. Mimi alinieleza kwa kilugha chetu, maana muke na mume hawaongei Kiswahili nyuma ya moto.

Usiruke hata siku moja. Usimugawie mutu, hata mwenye mabaka kama yako. Usichanganye na dawa za sokoni. Ngozi yako itakuwa nyeusi, usiogope, itarudi. Hapo alicheka. “Utanitaka nikiwa mweusi?”

“Nilikuoa kwa mafuta, si kwa rangi,” nilimujibu.

Akanipiga mugongoni. Halafu akasema: tena kutakuwa na nyekundu. Nyekundu ya mukojo, na nyekundu ya macho.

Ndivyo nilivyosikia. Infirmie alisema hivi, na baadaye aliniapia, na mimi namuamini: mukojo utakuwa mwekundu, usiogope, ni dawa inapita. Lakini mwili ukiwasha wote, ukipata homa, macho yakiwa ya manjano, acha dawa na ukimbie hapa. Maneno mawili. Moja linasema kaa, moja linasema kimbia. Yaliingia sikio la bibi yangu mawili, yakatoka mudomoni mwake ni neno moja, kwa sababu kwetu ni moja. Na hilo la usiogope lilitangulia, likameza lingine.

Nyekundu ya kwanza ilikuja siku ileile. Tulimusikia akiita kutoka nyuma ya nyumba. Binti alikimbia, mimi nilifuata. Alikuwa amesimama anashika kiuno na kucheka, machozi yanatoka.

“Njooni muone! Bibi ya muuza mawese, hata mukojo ni mawese!”

“Basi tafuta bido,” nikasema, “usimwage mali.”

“Utaipeleka Salamabila?”

“Wale wachimbaji watakunywa, hawaangalii.”

Binti alisema nyinyi wazee hamuna haya. Lakini na yeye alikuwa anacheka. Huo ndio ulikuwa mucheko wa mwisho mukubwa wa nyumba yetu, na ninaukumbuka ulivyokuwa, mukojo ule umeingia kwenye udongo mwekundu na kupotea. Dawa ilisema kweli. Kama walivyotabiri, ndivyo ikawa. Tangu siku ile bibi yangu aliiamini kama mutu anavyomuamini rafiki aliyesema mvua itanyesha, na ikanyesha.

Nikaenda Salamabila. Barabara ilikuwa mbaya, daraja la magogo lilikuwa limeenda na maji, tukakaa upande wa pili wiki tatu tukingojea wapige lingine. Sikuchelewa kwa ulevi wala kwa wanawake. Nilichelewa kwa muto.

Niliporudi ilikuwa katikati ya mchana, jua kali. Nikamukuta amekaa uani amejifunika kitenge changu kile cha sokoni mpaka shingoni. Nikasema kuna nini, unajifunika kama maiti. Akasema baridi. Nikamufunulia mukono kumusalimu. Ngozi ilikuwa inatoka vipande vipande, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alikuwa anajikuna taratibu, bila hasira, kama mutu aliyezoea. Akainua uso.

Mimi ni mutu wa mawese. Nilijua rangi ile. Ni mafuta mapya yaliyotiwa maji ya moto, yanapanda juu mepesi, unaona chini yake. Pale ambapo macho ya mutu yanapaswa kuwa meupe, ndipo ilipokuwa.

“Macho yako, mama,” nikasema.

“Ni ile nyekundu,” akanijibu. “Nilikuambia itakuja. Ya mukojo ilikuja kwanza, sasa ni ya macho.”

“Hii si ile.”

“Baba, weye ulikuwepo? Nyekundu ni nyekundu.”

“Na ngozi inayotoka?”

“Inataka kuwa nyeusi. Ya zamani inatoka kwanza.”

Kila kitu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa limetoka kwa infirmie. Akaingiza mukono chini ya kitenge akatoa plakete, akanipa kama mutoto anayeonyesha kazi ya shule. Vyumba vyote vya siku zilizopita vilikuwa wazi. “Angalia. Sikuruka hata kimoja. Hata siku ile homa ilinilaza, binti alinishika kichwa nikameza.”

Nilitaka kumukemea, na ndipo nilipoona kwamba sina neno la kumukemea nalo. Katika kilugha chetu kila nilichotaka kusema kilikuwa kinasema kile alichokisema yeye. Macho yako ni mekundu. Ndiyo, ni mekundu. Nikatafuta Kiswahili, nikamupigia kelele:

“Si nyekundu! Ni manjano! Manjano!”

Akaniangalia na macho yale.

“Manjano ni nini? Si ndiyo jina la kitenge?”

Tulimufunga juu ya moto, yeye katikati, binti nyuma yake akimushika. Kwenye kituo, infirmie alitoka nje kabla sijazima injini. Alimuvuta kope ya chini kwa kidole kimoja, akageuka akaniangalia mimi.

“Muzee, nani alimuacha aendelee kumeza?”

“Ni weye uliyemuambia asiruke.”

“Nilimuambia akiona manjano aache! Nilimuambia hapa, amekaa hapa!”

“Na yeye hakuona manjano,” nikasema. “Hajawahi kuiona. Wala mama yake, wala mama ya mama yake.”

Hakuelewa. Yeye si wa kwetu, alitoka upande wa mutoni, Nyangwe huko, amekua na Kiswahili tangu tumboni. Nikamueleza. Alikaa kwenye benchi na kofia yake mukononi, na mimi sikumuhurumia, wala sikumuchukia. Yeye alisema vizuri. Bibi yangu alisikia vizuri. Nitamushitaki nani, kilugha?

Alitueleza kwamba ni kile kidonge cheupe. Watu wengi wanakimeza na hakiwafanyi kitu, lakini mutu mumoja mumoja mwili unakikataa, na ukikikataa unajionyesha mapema, katika wiki za mwanzo: homa, ngozi, macho. Ukiacha mara moja na kutunzwa, unaweza kupona, na ukoma unaendelea kutibiwa kwa vile vingine. Ukiendelea, ini linakufa ndani yako. Alitupeleka yeye mwenyewe mpaka hospitali ya Kasongo, akakaa nasi. Walimupa dawa ya kutuliza mwili, wakamutia maji kwenye mushipa. Daktari hakunificha. Alisema tumekuja ini limeshachoka.

Bibi yangu alikufa asubuhi, watu wakiwa wanafagia wodi. Neno lake la mwisho kwangu halikuwa kubwa. Aliniuliza nani anaangalia ngazi zilizobaki kwenye chungu, zisioze.

Kijijini walisema ukoma umemuua. Wengine hawakutaka kushika jeneza, wakavunja majani ya kuziba pua na kusimama mbali. Niliwaambia kwa sauti ya kusikika: ukoma haukumuua, ukoma ulikuwa umepata mwenzake wa kupigana naye. Kilichomuua ni utii. Hawakunielewa, na sikuwa na nguvu ya kuwaeleza. Hata kaburi nililichimba mimi na binti yangu na watu wachache, kwenye udongo wetu ule mwekundu.

Ningetaka kuishia hapo. Mutu akizika, amezika. Lakini infirmie alikuja kukagua watu wote wa nyumba yangu, maana ndivyo kazi yake inavyotaka, na pamba yake ikapita juu ya bega la binti yangu, na binti hakuisikia.

Binti huyu ndiye aliyemushika mama yake kichwa ameze. Yeye kazi yake ni kusuka nywele. Kichwa kikitoka mukononi mwake, mistari imenyooka kama shamba la muzungu, na wanawake wa wachimbaji Salamabila wanamungojea. Infirmie alimuambia nyoosha vidole. Vinne vilinyooka. Kile kidogo cha mukono wa kuume kilibaki kimejikunja kidogo, kama kinataka kusikiliza. Infirmie alisema ukianza sasa, mukono unaweza kubaki wako. Ukikaa, kitafuata cha pili, halafu vingine, na vikishajifunga hakuna dawa ya kuvifungua.

Alikuja na plakete. Kile cheupe, alisema, sitakupa, kwa sababu ya damu ya mama yako. Nimewauliza wakubwa wangu Kindu, wamekubali. Utameza hivi viwili tu, chekundu na cha kahawa. Lakini hata hivi vinaweza kuchosha ini, mara chache, kwa hiyo lazima ujue dalili. Akaanza tena: mukojo utakuwa mwekundu, usiogope. Macho yakiwa ya manjano…

Binti yangu alimunyamazisha kwa mukono. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwa kilugha chetu.

“Baba, niambie weye. Nyekundu ya kukaa na nyekundu ya kukimbia, tutazijua namna gani? Niambie kwa neno letu, nisije nikakosea kama yeye.”

Kiswahili anakijua kuliko mimi, manjano anaijua, anavaa nguo za manjano. Hakuwa anauliza rangi. Alitaka nimutolee kwenye kinywa cha wazee wetu neno ambalo lingemulinda, kwa sababu lile la wageni lilimupita mama yake pembeni.

Mimi nimepima mafuta maisha yangu yote. Nikafungua mudomo. Nikasema: kama ndizi iliyoiva. Nikasikia mwenyewe kwamba hiyo ni nyekundu. Nikasema kama ngazi zinapoanza kuiva. Nyekundu. Kama kitenge cha mama. Aliita chekundu. Nilitafuta kila mahali, barabarani, sokoni, kwenye chungu, na kila nilichokishika kilikuwa na jina lilelile. Infirmie alitazama chini. Mwishowe nikasema kitu pekee nilichobaki nacho:

“Macho ya mama yako.”

Binti aliitika kwa kichwa polepole, kama mutu aliyepata alichotafuta. Akachukua plakete kutoka kwa infirmie kwa heshima, kwa mikono miwili, akamuambia asante. Akaingia nayo ndani. Akaiweka juu ya ukuta, chini ya mabati, pale mama yake alipokuwa anaweka vitu visivyoguswa. Haikushuka.

Nilimuambia meza. Nilimuambia kama baba, nikamuambia kama mutu anayeomba, na mimi si mutu wa kuomba. Infirmie alirudi, akamuambia atakaa naye mwezi wa kwanza wote amuangalie macho kila siku. Alijibu tu: “Mama pia alikuwa na sisi wa kumuangalia macho.” Halafu akafunga nguo zake akaenda Salamabila.

Nyinyi munaosoma hii, kama munapewa dawa hizi, mumuambie mwenye kuwapa aseme mara mbili, na mumurudishie maneno kwa kilugha mulichonyonya, na akionyeshe kwa kidole kitu chenyewe, rangi yenyewe, kabla hamujatoka mulangoni. Dawa ni nzuri. Nimeona watu wamepona nayo, mikono mizima, wanalima. Nasema hivyo na nyumba yangu imebaki tupu.

Juzi nilipeleka mafuta Salamabila, na plakete nyingine kutoka kituoni, mpya, ndani ya shati. Nilimukuta kwenye kivuli cha duka, anasuka kichwa cha musichana. Wateja walikuwa wawili tu kwenye benchi, zamani walikuwa wanapanga mustari. Mistari ya nywele haikunyooka. Alikuwa anasukuma nywele kwa ubavu wa mukono.

“Karibu, baba. Umeleta mawese?”

“Nimeleta.” Nikaweka mukono kifuani.

“Usitoe hapa,” akasema kwa kilugha chetu, bila kuinua uso. “Watu wanaona.”

Sikutoa. Akamaliza mustari aliokuwa nao, akasimama kupokea bido yake. Aliishika kwa vidole vitatu. Vile viwili vya pembeni vilibaki vimejifunga kwenye kiganja, na alipoona ninaviangalia, akahamishia bido mukono mwingine.